Mto wa Kutulia Hautafutwi kwa TikTok

Wasee, kuna video moja ambayo simu yangu imeamua ni lazima niione kila wiki, ikibadilishwa watu tu. Watu kumi hivi, mara nyingi huko Marekani, kila mmoja amelala ndani ya kayaki yake kama yuko kwa kiti cha kinyozi. Miguu iko nje, kofia iko usoni, mto unawabeba polepole chini ya miti. Hakuna anayepiga kafi. Ukishuka kwa maoni utakuta Wakenya wameshaitana: hii tufanye lini, Sagana si iko hapo tu, nani anapanga?

Kwa kikundi chetu anayepanga ni mimi. Sijui nilichaguliwa lini. Tuko 9 kwa WhatsApp, na Januari wote walikubaliana tunataka mto. Sio ile rafti ya kupigwa na maji mpaka umeze mchanga, hapana. Kayaki za kuelea tu, chakula, na picha. Mimi niliachiwa kazi moja ndogo, kuchagua mto wenyewe.

Kabla sijafungua ramani, rafiki yangu mmoja alinitafuta inboksi. Alisema anataka kuja sana, lakini hajui kuogelea, na nisimwambie mtu. (Ameniruhusu niandike hivi, bila jina.) Aliogopa wakijua watamwambia "si utavaa laifu jaketi," na yeye anajua venye huwa anaganda maji yakifika kifuani. Nilikaa na huo ujumbe siku nzima. Halafu nikaandika kwa kikundi: kila mtu anitumie inboksi, kwa ukweli, kama anaweza kuogelea urefu wa bwawa moja bila kushika ukingo. Waliosema ndiyo walikuwa 3. Watatu kati ya 9, manze. Na karibu kila mmoja wa wale sita wengine alinimalizia na maneno yaleyale: usiwaambie wengine.

Kwa hivyo maoni yangu ni haya, na najua kuna watu hawatayapenda. Mto wa kuelea unachaguliwa na yule msee muoga zaidi kwa kikundi, hata kama hajaongea. Ukishaanza hapo, mito mingi ya Kenya inajiondoa yenyewe kwa orodha, na nitawaambia kwa nini.

Angalia venye nchi yetu imekaa. Mito mikubwa inaanzia juu, Mlima Kenya na Nyandarua, kisha inashuka kwa haraka. Huko juu maji ni safi na baridi lakini yana mbio na mawe. Yakifika tambarare yanatulia, ila hapo yameshapita kwa mashamba na miji, rangi imekuwa ya chai ya maziwa, na ndani kuna wenyewe: mamba na viboko. Ile video inahitaji maji safi, maji ya polepole, na maji yasiyo na mnyama wa kukushtua, vyote mahali pamoja. Kwetu hivyo vitu vitatu havikutani sana.

Athi niliutoa mapema. Mito ya Nairobi, Ngong na Mathare yote huishia huko, na kama umewahi kuvuka daraja lolote la Mto Nairobi siku ya jua unajua ninachozungumzia. Mbele zaidi mto unakutana na Tsavo na kuanza kuitwa Galana, maji yamepata nafasi ya kupumua kidogo, lakini sasa uko ndani ya mbuga ya Tsavo Mashariki na mamba wanaota jua kwenye mchanga. Ukifika pwani unaitwa Sabaki. Mto mmoja, majina matatu, na hakuna kipande ningemlaza rafiki yangu juu yake na kofia usoni.

Naivasha kuna mtu aliipendekeza. Naivasha ni ziwa, na ni la viboko. Mwingine akasema Jinja, huko Uganda, ambako mto Nile umetulia nyuma ya mabwawa ya umeme. Hiyo si mbaya kabisa, lakini mabasi ya usiku na mpaka kwa wikendi ya siku mbili, na wengine hata kitambulisho hawajachukua? Tuliendelea.

Sagana ndiyo ilibaki, na Sagana naipenda, kwa hivyo nisikilizwe vizuri. Hapo ni Tana bado mchanga, kama kilomita 100 kutoka Nairobi, unashuka matatu na uko karibu na maji. Kampuni za rafti zimekuwa hapo miaka mingi. Mito ya mchezo huu hupimwa kwa daraja, kuanzia 1 hadi 6. Daraja la 1 ni maji yanayotembea tu, na hilo ndilo la kuelea. Daraja la 5 ni la watu waliofunzwa, na la 6 huwa sio la watu kabisa. Sasa mpangilio wa Sagana ni hivi: kwanza kuna maji makali ya wastani, halafu kuna kipande kirefu kilichotulia ambapo unasikia ndege tu, halafu mto unabadilika tabia na kuingia maji makali kweli kweli, ya daraja la 4 na 5, na kule mwisho kuna poromoko.

Hicho kipande cha katikati ndicho kinapigwa picha, na ndicho kinachodanganya. Ukikiona kwa simu unafikiri mto wote uko hivyo.

Hapa ndipo nilijifunza kitu ambacho hakuna video hukuonyesha: cha maana kwa mto wa kuelea ni mahali pa kutokea. Kila mtu huuliza tunaanzia wapi. Kuanza ni rahisi, mto wenyewe unakuchukua. Swali ni kama kuna ukingo wa chini ambapo mtu aliyechoka, aliyelowa, asiyejua kuogelea, anaweza kutoka kabla maji hayajabadilika. Ukingo huo uwe na njia ya gari au pikipiki, na mwenye shamba ajue mnakuja. Na usimame juu ya maji makali kwa umbali wa kutosha, kwa sababu kayaki ya anayeanza haigeuki kwa kufikiria. Nilimpigia simu muongozaji mmoja wa huko, nikamuuliza kama anaweza kutupeleka kipande cha katikati peke yake, kisha tutoke. Akasema inawezekana, ila akauliza swali ambalo nilikuwa nimeshalijibu moyoni: "Wangapi wanaogelea?" Nilipomwambia 3, akanyamaza kidogo, akasema nimpigie tena kikundi kikiwa kimejifunza. Huyo msee hakutaka pesa yangu. Ukipata muongozaji anayekataa, shika namba yake vizuri.

Alinieleza pia kuhusu miti. Mimi nilidhani hatari ya mto ni mawe. Kumbe kwa maji ya polepole adui mkubwa ni mti ulioangukia mtoni. Maji yanapita katikati ya matawi, wewe hupiti. Mkondo unakusukuma hapo na kukubana, na hata mkondo wa kasi ya mtu anayetembea una nguvu kuliko mikono yako. Cha pili ni zile kuta fupi zinazojengwa kukatiza mto ili maji yaelekezwe kwa shamba au mtambo. Ukiwa juu yake unaona tu mstari umenyooka na maji laini. Chini ya huo ukuta maji yanazunguka mahali pamoja, na kitu kikiingia hapo kinazungushwa nayo. Kwa hivyo mtu lazima awe ameupitia mto huo wiki hiyohiyo, sio mwaka jana, juu mti huanguka usiku mmoja.

Halafu mvua. Tunaangalia anga iliyo juu yetu, ilhali mto unaleta mvua ya mahali pengine. Mwanzoni mwa Septemba 2019, watu 7 waliokuwa wametembelea korongo la Hell's Gate walisombwa na mafuriko ya ghafla na kufa. Hao hata hawakuwa kwa boti, walikuwa wanatembea. Mto unaoanzia mlimani unafanya vivyo hivyo. Kwa hivyo mimi Machi hadi Mei siulizi, na Oktoba hadi Desemba nauliza mara mbili. Kama maji yamebadilika rangi asubuhi hiyo na yanabeba vijiti na majani, tunarudi kwa mandazi na chai, siku imeisha.

Kuna mmoja wetu alisema, sawa, basi tushuke Tana ya chini kabisa, Garissa kwenda Hola na Garsen, huko ni tambarare, hakuna mawe. Kwa ramani inapendeza kweli, mto umejikunja kunja kama uzi. Nilimpigia mjomba wangu, ambaye amefundisha Hola miaka mingi.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mpwa wangu. Nasikia wataka kuja kulala mtoni."

Nilimweleza. Akacheka mpaka akakohoa. Akaniambia kuna sehemu ambapo watoto hawaachwi kwenda kuchota maji bila mtu mzima wa kuangalia, na kwamba wanaovuka kwa mitumbwi kila siku wamezaliwa hapo, wanajua mamba anapenda kona gani na kiboko amehamia wapi. "Hao hawaendi kustarehe," akasema. "Wanavuka, wanashuka."

Kuhusu kiboko nilitaka kujua zaidi, kwa sababu watu humchukulia kama ng'ombe mnene wa maji. Kiboko hula majani, usiku, nchi kavu. Mchana hukaa majini, na anaweza kuzama dakika kadhaa bila kutoa pua. Akishtuka hukimbilia maji ya kina. Sasa fikiria uko ndani ya kayaki, umekaa karibu sawa na uso wa maji, umepita kati yake na hicho kina. Hakuchukii. Uko tu kwa njia yake, na yeye ana zaidi ya tani moja. Kwa mto mwembamba hakuna upande wa kumpisha. Mimi hapo ndipo nilifunga ukurasa wa mito yote iliyo na viboko, hata kama muongozaji anasema "wako mbali." Na mafuriko ya 2024 yalitukumbusha kuhusu Tana ya chini: mabwawa ya juu yakijaa na kumwaga, wanaokaa chini wanaambiwa wahame.

Kitu kimoja kidogo, na kisha tutoke kwa habari mbaya. Kichocho. Konokono wanaobeba ugonjwa huu hupenda maji baridi yasiyo na chumvi, ya polepole, yenye majani ukingoni. Yaani konokono na wewe mnatafuta mto uleule. Ziwa Victoria kipo, maeneo ya mpunga ya Mwea kipo. Kinatibika, dawa ipo na si ya kutisha, lakini ni lazima upimwe wiki kadhaa baadaye, na ni nani kati yetu hukumbuka kupimwa?

Mnaona nilivyobaki. Maji ya polepole, hakuna mamba, hakuna kiboko, hakuna kichocho, ukianguka mahali pengi unasimama, na hakuna haja ya gari la kutusubiri chini. Nilikuwa nimeshaandika ujumbe wa "wasee, tuende tu mabwawa ya kuogelea" nilipokumbuka binamu yangu wa Malindi akisema kwao watu huenda na maji na kurudi na maji. Nilidhani ni msemo. Nikampigia, kumbe ni ratiba.

Pwani kuna mahori, mikono ya bahari iliyoingia nchi kavu na kuzungukwa na mikoko. Hori la Mida, karibu na Watamu na magofu ya Gede, halina mto wowote mkubwa unaoingia. Ni bahari inayoingia na kutoka. Maji yakijaa, mkondo unaelekea ndani kwa mikoko. Yakipwa, mkondo unageuka na kutoka. Kati ya kujaa na kupwa ni kama saa sita. Kwa hivyo ukianza kabla maji hayajajaa kabisa, unabebwa kuingia, unapumzika yakiwa yamesimama, na yanakurudisha ulikoanzia. Mto unaokwenda njia mbili, na mahali pa kuanzia ndipo pa kutokea. Nilipoelewa hivyo niliamka nikatembea kwa chumba.

Lakini si siku yoyote. Mwezi ukiwa mpevu au ukiwa mchanga kabisa kuna bamvua, maji yanapanda na kushuka kwa zaidi ya mita 3, mkondo unakimbia, na yakishuka hori linabaki uwanja wa matope. Kayaki ikikwama hapo unasubiri, na matope ya mikoko sio ya kutembea na viatu vizuri. Katikati ya hizo siku ndipo kuna maji mafu, kupanda kidogo, kushuka kidogo, mkondo mpole. Tukapanga tarehe kwa mwezi, sio kwa mshahara. Hiyo ilikuwa vita yake. Pia ratiba husogea kama dakika 50 kila siku, kwa hivyo saa ya jana haikusaidii leo. Na mdomo wa hori hatuukaribii maji yakipwa, kwa sababu hapo mkondo unaelekea bahari kuu na bahari kuu haina ukingo wa pili.

Tulienda mwisho wa Februari. Muongozaji wetu alikuwa kijana wa hapo, na babake, mvuvi, alikuwa amekaa chini ya mti akishona wavu. Tulimsalimia, akaitikia, akatuangalia mmoja mmoja kama mwalimu wa zamu. Akauliza kama tumekula. Kisha akauliza nani anaogopa. Watu sita waliinua mikono, pale pale, mbele ya kila mtu. Nilimwangalia rafiki yangu. Alikuwa wa kwanza.

Mzee akasema basi hao watakaa katikati, na wanaojua kuogelea watatangulia na kufunga nyuma. Tukaanzia mahali pa maji ya kiuno. Kijana akamfanya kila mmoja aanguke makusudi, asimame, acheke, apande tena, laifu jaketi ikiwa imefungwa mpaka kwa kidevu. Hiyo ilichukua kama saa nzima na ndiyo sehemu ninayokumbuka zaidi. Baada ya hapo hakuna la kusimulia sana, na hiyo ndiyo ilikuwa nia. Mikoko pande zote, mizizi yake kama vidole, kaa wekundu wakikimbia, ndege wahamiaji wamejipanga kwa mchanga. Kasa mmoja mdogo alitoa kichwa na kutoweka. Spika tuliiacha kwa gari, na yule aliyelalamika zaidi kuhusu spika alilala usingizi kwenye kayaki kwa dakika ishirini. Ninayo video.

Bei sikuandiki, zinabadilika, na mjue pale ni sehemu ya hifadhi ya bahari kwa hivyo ulizeni ada mapema. Gharama kubwa ilikuwa kufika. Wale wanaoniuliza Sagana, nimewasiliana tena na yule muongozaji. Ametupa nafasi Februari ijayo, kipande cha katikati tu, kwa masharti kwamba kila mtu aogelee urefu wa bwawa mbele yake kwanza. Sasa hivi tuko 5 kati ya 9. Rafiki yangu amefikisha nusu ya bwawa, na ameniambia niandike kwamba hiyo nusu aliifanya bila kushika ukingo.